Mzee wa Rifaineri na Tangi la Ras Kitau

Nianze na hili kabisa, msije mkadhani najificha: katika habari hii mjinga ni mimi. Watu wakisimulia mambo yao kwa kawaida hujipa hata kipande kidogo cha ushujaa. Mimi sina. Nimejaribu kuianzia katikati, nimejaribu kuianzia mwisho, kila nikianza najikuta pale pale. Basi bora niseme mwenyewe kabla hamjasema nyinyi.

Mwenye habari hasa ni mzee mmoja, Mungu amrehemu. Jina lake nalijua ila sitalitaja, maana hakuna aliyekuwa akilitumia. Sisi vijana wa boti wa Ras Kitau, na wenzetu wa Shela ng'ambo ya mkondo, tulimwita Mzee wa Rifaineri. Naye akiitwa hivyo aliitika haraka kuliko akiitwa jina alilopewa na babake.

Rifaineri, kwa asiyejua, ni kiwanda cha kupika mafuta. Yanaingia meusi, mazito, yananuka yai viza. Yanapikwa kwenye mitungi ya chuma mirefu kuliko mnara, kisha huku inatoka petroli, huku dizeli, huku mafuta ya taa, na lami inabaki chini kama ukoko wa wali. Mzee alifanya kazi hiyo Arabuni ujana wake wote. Mji gani, hakuwahi kusema. Alisema "kule" tu. Kule hatukuwa tukifanya hivi. Kule ungefukuzwa kabla ya chai. Ukimuuliza kule wapi, anakutazama kama umemuuliza umri wa mkewe.

Mimi nilikuwa, na bado ni, muuza petroli. Pale Ras Kitau kuna stoo ya mafuta ya boti: ua wa mchanga, banda la mabati, mapipa, na madumu yaliyopangwa ukutani. Boti za watalii zinakuja, natia mafuta, natania, zinaondoka. Shule niliishia darasa la nane, na hilo la nane lenyewe nilikaa dirishani. Lakini mdomo Mungu alinipa, na watu walikuwa wakivuka kutoka Shela kununua petroli kwetu, ijapokuwa kwao ilikuwepo, waje wacheke.

Na kitu kilichowachekesha zaidi ni mimi nikimwigiza yeye. Alikuwa na pua ya ajabu. Akikupita ananusa, kisha anakusomea: "Wewe umetia mafuta ya nazi kitwani, na kiatu cha kushoto kimemwagikiwa petroli. Kifue kwanza ndipo uende ukavute sigara yako." Basi yeye akiondoka, mimi nanyanyuka, nainama mgongo, nazunguka uani nikinusa watu makwapa, nawatangazia walichokula. Watu walikuwa wakianguka kwenye mabenchi.

Kitu kingine kofia. Msikitini alivaa kofia ya kushona kama wanaume wote wa Amu, yaani Lamu. Nje ya msikiti alivaa za kazi, na alikuwa nazo nne, kila moja ya mwenyewe wake, maana rifaineri ile ilibadilisha wenyewe, wale wanaoimiliki, mara kwa mara na yeye akabaki mle mle, kama paka wa nyumba iliyouzwa. Ya kijani ilikuwa ya Waingereza. Nyeupe ya serikali ya kule, ilipowafukuza Waingereza. Buluu ya ndugu watatu matajiri walioinunua kwa serikali. Nyeusi ya kampuni iliyoinunua kwa ndugu watatu, na hiyo mwenyewe wake hakuna aliyemwona. Ilikuwa na uzi wa kung'aa mbele.

Tulimsoma kwa kofia kama mtoto anavyosoma uso wa mwalimu asubuhi. Akija na ya kijani, leo ni hadithi za chai ya saa nne na Mwingereza aliyemfundisha kugusa bomba kwa mgongo wa mkono, "kwa sababu likiwa la moto, mkono utakunjika kujivuta, ukigusa kwa kiganja utalishika." Akija na nyeupe, leo ni kuilaani serikali, ya kule na ya huku, kwa pamoja. Buluu ni vichekesho: ndugu mmoja akisema fungueni, wa pili akisema fungeni, wa tatu akipiga simu kuuliza mmefanyaje. Akija na nyeusi, hakuna hadithi. Anakaa kwenye kipande cha gogo karibu na ua wetu, anatazama mchanga.

Nilimuuliza siku moja, "Mzee, kiwanda kikibadilisha mwenyewe, nini kinabadilika?"

"Rangi," akasema. "Kitu cha kwanza ni rangi. Cha pili ni watu. Mabomba hayabadilishwi, mabomba ni ghali."

"Basi si afadhali? Rangi mpya."

"Mwenyewe mpya akija huuliza, hiki chatoa mafuta mangapi kwa siku? Sijapata kumsikia hata mmoya akiuliza, hiki kilimuua nani."

Yalikuwa maneno ya kutisha, lakini hebu mjiweke mahali pangu. Mtu huyo huyo alikuwa ameshatuambia kwamba moto wa rifaineri ulikuwa mkubwa mpaka kuku wa kule walitaga usiku wakidhani ni mchana. Ametuambia alikunywa kahawa na mfalme, na mfalme akamwomba amsogezee sukari. Aliogopa moto kama mtu anavyoogopa fisi: chumbani kwake Shela, kwa bintiye, kila pembe ilikuwa na ndoo ya mchanga, na paka wa mtaa mzima walikuwa wakijisaidia humo. Lakini chai yake, sharti iwe ya kuchoma ulimi. Ikipoa kidogo anairudisha: "Hii ni mai ya kuogea maiti." Basi alipokuwa akisema kweli, sisi tuliiweka fungu moja na sukari ya mfalme.

Kweli yenyewe ilikuwa hii: chini ya ua wetu kuna tangi.

Alilisema kila siku. "Tini hapa pana tangi," na mkono anauzungusha, ua mzima. Na alilijua kwa sababu alilizika mwenyewe. Hapo ndipo watu walipochoka naye. Mwanzilishi wa stoo ile alikuwa yeye! Aliporudi kutoka kule, alinunua kile kiwanja, akaleta tangi la chuma, akalifukia mchangani, akawa wa kwanza kuuza petroli upande huu wa kisiwa chetu cha Manda. Kisha tangi likavuja, maji ya chumvi yakaingia, petroli ikaharibika. Kulitoa kunataka mashine, na mashine haikuwepo. Akalifyonza alivyoweza, akalifukia, akaanza kuuza kwa mapipa. Mwisho akachoka, akauza kiwanja.

Kwa hivyo kila aliposema tangi, watu walisema, "Mzee anajuta kuuza." Hata mimi. Mimi hasa.

Aliyemuuzia kwanza alikuwa Bwana mmoja mfanyabiashara wa mji wa Amu. Huyo aliambiwa vizuri. Mzee alimpeleka juu ya tangi, akamwonyesha alama, akamsemea sikioni. Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu watu wa bara hawalijui jambo hili. Mvuvi wa huku akipata mwamba wenye samaki, hauandiki popote. Akiwa baharini anatazama nti kavu: mnazi ule uko sawa na nyumba ile, jiwe lile linafunika ras ile. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo. Hizo ndizo alama, na alama hazitangazwi barazani. Anapewa mwana, sikioni, siku anapokabidhiwa chombo. Mzee alikuwa mwana wa mvuvi kabla hajawa mtu wa rifaineri. Basi tangi lake alilihifadhi vile vile, kwa alama, na alama ni za mwenyewe peke yake.

Bwana wa Amu akamuuzia mzungu mmoja mwenye lodge, na mzee akavuka, akamsemea mzungu sikioni kupitia kwa mkalimani. Mzungu akashukuru, akampa fulana. Mzungu akaiuzia kampuni moja ya Nairobi. Mzee akaenda mpaka ofisini kwao, wakamwambia atume imeili.

"Sasa ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Ningefanyaje? Mwenyewe yuko wapi? Nimeona meza, nimeona kompyuta, nimeona msichana mzuri mwenye adabu. Kampuni haina sikio, mwana wangu."

Siku hiyo alikuwa na kofia nyeusi, nami nilikuwa najaza dumu. Ndipo aliponiambia la kule, mara moja tu, bila kupandisha sauti. Kulikuwa na tangi moja la zamani kule, halitiwi kitu. Wazee wa kazi walilijua, walilipita mbali. Kampuni ya kofia nyeusi ilipoingia ilitaka ngazi mpya kila tangi, ngazi nzuri za kupakwa rangi. Aliyekuwa akilijua tangi lile alikuwa ameshastaafishwa, kapewa saa ya mkononi na picha. Mafundi wa kuchomelea wakaja na cheche zao. Aliyeshika ngazi kule juu alikuwa mwenzake huyu mzee wetu, mtu wa Pate, walisafiri pamoja.

"Ikawaje?"

"Watu wanaogopa tangi lililojaa," akasema. "Lililojaa limelala. Tangi tupu ndilo liko mato, halilali. Kikombe kimoya kikibaki ndani, ule mvuke wake watosha." Kisha akanitazama mkononi. "Umefunga kifuniko hicho?"

Sikuwa nimefunga.

Hebu sasa tufike kwenye dua.

Kampuni ya Nairobi nayo ikauza. Aliyenunua ni Bosi wangu, kijana wa huko huko bara, viatu vyeupe mchangani. Si mtu wa dini sana, lakini akaambiwa Amu hakufunguliwi kitu bila dua. Akasema, "Basi iletwe hiyo dua." Nikapewa kazi ya kupanga. Mapipa tukayasukuma ukutani, tukatandika mikeka, halua ikaja, kahawa ikaja, Maalim akavuka kutoka Shela baada ya sala ya alasiri. Mahali pa kuweka chetezo cha ubani nilichagua mimi: katikati ya ua, mchanga umelala sawa, hata jani halioti. Nikaona pazuri.

Mzee akaja amevaa nyeusi. Akamwendea Bosi moja kwa moja, akainama sikioni. Bosi akarudi nyuma.

"Mzee, sema tu, nakusikia."

"Haya si ya kusemwa kwa sauti. Wewe ndiye mwenyewe? Lete sikio."

Bosi akanigeukia. "Kijana, huyu anataka nini?"

"Anataka kukupa siri ya sukari ya mfalme," nikasema.

Wakacheka. Mzee hakucheka. Kwa sababu wakati ule mmoja wetu alikuwa amewasha makaa, chetezo kimeletwa, kimewekwa pale pale nilipopachagua, na moshi wa ubani umeanza kupanda. Mzee akageuka. Sijapata kumwona mtu mzima akienda mbio vile na kanzu. Akachukua ndoo ya mchanga ukutani, akaimimina yote juu ya chetezo. Ubani, makaa, chetezo chenyewe cha shaba, vikafukiwa.

Watu wakanyanyuka mikekani.

"Astaghfirullah," akasema Maalim.

"Mzee, ubani umekukosea nini?" akauliza mtu.

Hapo mdomo wangu ukafunguka kabla sijauamrisha. "Muacheni jamani. Jini lake halipatani na ubani."

Walicheka mpaka vikombe vya kahawa vikamwagika. Hata Maalim alijiziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Mzee akasimama na ndoo tupu. Alinitazama mimi, si kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayecheza ukingoni mwa kisima. Kisha akaiweka ndoo chini taratibu, akateremka ufuoni.

Tukafukua chetezo, makaa mapya yakaletwa, ubani ukafukizwa, dua ikasomwa mpaka mwisho. Hakikutokea kitu. Hilo ndilo lililotumaliza: hakikutokea kitu. Mtu akikuonya na lisitokee, unamhesabu mwongo, hufikirii kwamba labda halijatokea bado.

Neno la jini likavuka mkondo kabla yake. Watoto wa Shela wakaanza kumfuata na vijiti vinavyofuka moshi. Bintiye akaona haya. Wiki haikwisha, mzee akahamia Siyu, kisiwani Pate, kwa dadake.

Mama peke yake hakucheka. Mamangu anakaanga mahamri pale Ras Kitau kwa ajili ya mabaharia wa boti na wafanyakazi wa lodge. Jiko lake la kuni lilikuwa nje ya ua, upande wa upepo, na kila upepo ukivuma anakula moshi yeye. Basi mimi, mwana mwema, nikamwendea Bosi: mama apewe pale katikati ya ua, palipofukizwa ubani. Pamesomewa dua, pana baraka. Bosi akasema sawa, wateja wakila hapo watanunua na mafuta. Mama akasitasita. "Si ndani ya ua wa petroli, mwanangu?"

"Mama, mapipa yako kule ukutani. Na hapa pamesomwa dua, wewe wataka nini tena?"

Akahamia. Na baraka ikaonekana! Mahamri yalikuwa yakiisha kabla jua halijapanda vizuri. Alikuwa akilalamika tu kwamba mchanga wa pale una harufu kukiwa na joto. Nikamwambia ni mapipa.

Ikapita miezi. Siku moja Bosi akanituma Siyu kupeleka madumu, na mama akanifungia mahamri kwenye kitambaa. "Mpelekee yule mzee. Na umwombe radhi, umesikia? Usitie mzaha."

Unashuka chomboni kwenye kijito, unafuata ndia ya miguu mpaka mjini. Njia nzima nikijipangia maneno ya radhi, na kila nilichopanga kilitoka kichekesho.

Nilimkuta ukumbini, kajilaza kitandani, kichwa kitupu. Amekonda, miguu imevimba. Dadake, bibi mwenye sauti kubwa, akamwambia, "Amekuya yule mtoto wako wa petroli."

"Yule mteshi," akasema mzee. Maana yake mchekeshaji. Alikuwa akitabasamu.

Nikasema maneno yangu ya radhi. Akayapokea kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji. Nikafungua kitambaa. Akachukua hamri moja, akalimega, akalipeleka puani kwanza kama kawaida yake. Mkono ukasimama hapo.

"Hili limekaangwa wapi?"

"Kwa mama. Ras Kitau."

"Ras Kitau wapi?"

"Mle uani. Bosi alimpa mahali pazuri, pale... " Nikalitazama lile hamri mkononi mwake. "Pale tulipoweka chetezo."

Akaliweka hamri chini juu ya kitambaa, polepole. Akamwambia dadake atoke. Dadake akasema, "Kwani mwasemani cha mimi kutoka?" Akamwambia tena, na dadake akatoka.

"Mwenyewe wa sasa ni yule yule?"

"Yule yule. Lakini nasikia anatafuta mnunuzi."

"Hm." Akakohoa. "Basi sogea. Lete sikio."

"Mzee, mimi si mwenyewe. Mimi muuza petroli tu."

"Mwenyewe ni anayejua. Wote waliobaki ni wapangaji. Lete sikio."

Nikainama. Pumzi yake ilinuka dawa. Akanipa alama mbili. Ukisimama juu ya tangi, ukaelekea Shela, mnara wa msikiti unakaa baina ya minazi miwili ya ufuoni, wala haugusi huu wala ule. Na ukigeuza shingo kulia, lile jiwe kubwa la pwani linafunika ncha ya ras. Mnazi wa kushoto ulikatwa na mzungu, akasema, lakini gutu lake lipo, nilitafute.

"Nimekukabidhi," akasema. Kisha: "Mamako leo amewasha?"

"Tangu alfajiri."

"Sasa wewe wakaliani hapa?"

Nilitoka mbio. Kuaga sikuaga.

Safari ya kurudi sitaisimulia, maana sikuona kitu. Nilifika Ras Kitau jua la mchana, mchanga unawaka. Uani kumejaa: mabaharia na vikombe vyao vya chai, mmoja ana sigara sikioni bado hajaiwasha. Mama kwenye jiko, karai linachemka. Nikaenda nikasimama kando yake, nikaelekea Shela.

Mnara ulikuwa pale. Kulia mnazi. Kushoto, mita chache juu ya maji, gutu, nimelikalia mara ngapi sijui. Mnara umekaa kati, haugusi huu wala lile. Nikageuza shingo kulia, kwa kuchelewesha, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Jiwe lilikuwa limefunika ncha ya ras.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" mama akaniuliza. "Amezipokea radhi?"

Nililishika karai kwa mikono mitupu nikalitoa motoni. Mikono yangu ina kumbukumbu ya karai hilo mpaka leo. Kisha nikamimina mchanga jikoni, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, mpaka moshi ukafa. Nikamnyang'anya yule sigara yake nikaitupa nje ya ua. Mama akakusanya vyombo vyake, akatoka uani.

Kisha mmoja akapiga kelele, "Jini la mzee limemhamia!" Na wote wakaangua kicheko. Niliwaambia kuna tangi chini, wakacheka. Nilipiga magoti nikawaapia, wakacheka zaidi, mmoja akatoa simu anirekodi. Ningewalaumu vipi? Miaka yote mimi ndiye niliyewafundisha: nikifungua mdomo, chekeni.

Bosi alinisikiliza ofisini mpaka katikati. "Leo umekuja na mpya," akasema, akafuta machozi. Halafu akawa mtu wa biashara. Ameshauza, akasema. Wenyewe wapya wanaingia mwezi ujao, nisiende kuwatia hofu kwa hadithi za wazee, nitakosa kazi mimi. Watu wazuri, wana mipango mikubwa: ua wote watauezeka paa la chuma, nguzo ya kati itasimamishwa pale pale jikoni kwa mama, na mafundi wa kuchomelea wameshapatikana. Rangi watapaka nyekundu.

Nikasema nitamleta mzee mwenyewe aseme. Kesho yake nilikuwa natafuta chombo cha kunipeleka Siyu, habari ilipokuja kwamba amezikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Baadaye mtu wa wenyewe wapya akaja kupima ua. Nilimvuta pembeni, nikamwambia alete sikio. Akarudi nyuma hatua, akauliza walio karibu, "Huyu ndiye yule kijana wa video?"

Jioni hiyo nilimsaidia mama kuhamisha jiko lake, lisilowashwa tena tangu siku ya karai, mbali kabisa, nyuma ya jiwe, kwenye upepo na moshi wake wa zamani. Hakulalamika. Alipanga mafiga yake matatu, akayatikisa kuona kama yamekaa. Nikamuuliza mbona yeye ametoka siku ile bila ubishi, kwani yeye ameniamini vipi peke yake.

"Sikukuamini," akasema mama. "Nimekusikia kwa sababu nimekuzaa. Huyo anayekuja hakukuzaa."